Panya aliyekufa alikuwa amevaa shela

Siku ya kwanza tuliamua ni panya.

Nyumba yetu iko Rau, ule upande ukitoka Moshi mjini unaelekea msituni, na yeyote aliyejenga karibu na msitu anajua kwamba masika ikishaanza panya wanahamia darini bila kuomba ruhusa. Kwahiyo Jumatano ile ya Aprili harufu ilipoanza kuja, mida ya saa nne asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha na jua ndo linachungulia, mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu nashona sare za kwaya, nikasema tu kwa sauti ya kuchoka, haya, kuna panya amekufa. Jioni baba Kelvin kurudi kazini nikamkabidhi tochi na ngazi hata chai hajanywa. Akapanda, akazunguka huko juu kama dakika 20 nasikia tu mbao zinalia, akashuka na utando wa buibui kichwani na mpira wa Kelvin uliopotea mwaka jana. Panya hamna.

Siku ya pili tukahamia kwenye chemba ya choo. Ikafunuliwa, ikachunguliwa, ikafunikwa, chemba haina tatizo. Mchana Mama Glory wa nyumba ya pili akaja hadi mlangoni, akasalimia, akauliza habari za watoto, habari za kazi, habari za mvua, nikajua huyu ana jambo. Mwisho akasema, samahani Mama Kelvin, ile harufu ni ya kwenu? Na mimi tangu asubuhi nilikuwa natafuta maneno ya adabu ya kumuuliza yeye hivohivo! Maana kuku wake mmoja anayeatamia alikuwa hajaonekana siku tatu. Tukacheka, tukaachana kila mtu akiwa bado anamshuku mwenzake kidogo.

Siku ya tatu akaja mama mkwe kutoka Machame na mkungu wa ndizi na dumu la maziwa. Kabla hata sijamaliza shikamoo akasimama katikati ya uwanja, akageuza uso upande wa msitu, akasema hapa kuna kitu kimekufa. Nikamwambia ndio mama, tumekitafuta siku mbili hatukioni. Akaniuliza, mnatafuta na nini? Nikasema na pua. Akacheka, akasema pua inadanganya mwanangu, upepo ukigeuka na yenyewe inageuka, fuata nzi.

Yaani siku mbili mtu mzima nazunguka nyumba kama mbwa wa polisi, kumbe jibu lilikuwa linaruka mbele ya macho yangu. Tukasimama kimya kidogo. Nzi wa jikoni wale wadogo walikuwa wanazurura tu kama kawaida, ila kulikuwa na wengine, wale wanene wa kijani wanaong'aa kama shanga, na hao wote safari yao ilikuwa moja, wanavuka mpaka wetu wa masale nyuma ya nyumba wanaingia kichakani. Huko kuna mti mkubwa ulianguka zamani, umeoza, sasa hivi ukikanyaga gogo lake linabomoka kama keki, na chini pote ni majani makavu yaliyoloa. Tukawafuata mimi, mama mkwe, na Kelvin ambaye shule ilikuwa imefungwa.

Nilijiandaa kuona kuku wa Mama Glory. Nilikuwa hata nimeshika jembe la kumzikia.

Sasa ngoja nieleze nilichokiona, na naomba mnivumilie kwasababu mimi ni fundi wa nguo, vitu naviangalia kifundi. Kwanza nilidhani mtu amedondosha kipande cha lesi. Nyeupe kabisa, safi, haina hata tone la tope, imesimama yenyewe kwenye matope kama gauni la mwanasesere. Nilipoinama ndo nikaona kumbe ni uyoga, katikati yake kuna kijiti kinene cheupe, chepesi kama sponji, kina vitundu vitundu, kimetoka kwenye kitu kama ganda la yai lililopasuka ardhini. Juu ya kijiti kuna kikofia kidogo, ukitaka kukielewa fikiria kile kikofia cha chuma fundi anachovaa kidoleni asijichome na sindano, na kikofia chote kimepakwa ute mzito wa kijani cheusi, rangi kama ya zeituni, na juu ya ute huo nzi walikuwa wamejaa mpaka wanakanyagana. Na kutoka chini ya kikofia ndo ile lesi inaning'inia pande zote, inapanuka kwenda chini kama sketi ya bibi harusi. Matundu yake mengine ya duara, mengine yana pembe tano au sita, yote yamepangana vizuri, hakuna uzi uliokosea. Nimeshona magauni ya harusi miaka kadhaa na sijawahi kukutana na lesi ya namna ile sokoni Mbuyuni.

Futi yangu huwa iko shingoni muda wote kwahiyo nikaupima. Sentimita 19 kutoka ardhini hadi juu, na pindo la sketi limeishia vidole viwili kabla ya kugusa chini. Kelvin akasema mama, huu uyoga umevaa shela!

Na harufu sasa. Kwa mbali ni panya aliyekufa, hilo sina ubishi. Ukikaribia inakuwa nzito zaidi halafu ndani yake kuna kautamu fulani ka ajabu, kama tunda lililoiva likapitiliza, na hako kautamu ndo kanakochefua zaidi. Nilirudi nyuma hatua tatu nikavuta pumzi nikarudi tena.

Mama mkwe alikuwa kimya. Akauangalia ule uyoga, akauangalia tena, akavuta kanga yake vizuri mabegani, akamwambia Kelvin nenda ukamletee bibi maji ya kunywa. Kelvin alipoondoka akaniambia taratibu, Mama Kelvin, hiki kitu kimeumbwa bila adabu. Mimi nilikuwa nimeshaona anachokiona ila mbele ya mama mkwe unajifanya hujaona. Baadaye nilipojua jina lake la kisayansi nikagundua wazungu nao waliona kitu hichohicho, na hawakuona aibu kukiandika. Mama hajaniuliza maana ya hilo jina na mimi sijamtafsiria.

Basi nikapiga picha nikaitupa kwenye grupu letu la upatu la WhatsApp. Majibu: mmoja akasema ni uchawi, kuna mtu kafukia kitu hapo, ita mchungaji. Mwingine akasema ni ua la porini. Wa tatu akaandika usiuguse unaota vipele. Wa nne akatuma tangazo la viwanja. Nikaingia kwenye ile programu ya simu ya kutambua mimea, picha ya kwanza ikaniambia ni ua, ya pili ikaniambia ni uyoga fulani wa sumu, na yote mawili ilisema kwa ujasiri kabisa. Kosa lilikuwa langu kidogo, picha zote nilipiga kwa juu nikiwa nimeziba pua na mkono mmoja unatetemeka, kikofia na sketi vimechanganyikana huwezi kujua kipi ni kipi.

Hapo ndo nikasema ngoja nifanye kama ninavyofanya na kitambaa. Mteja akiniletea kitambaa akaniambia ni pamba, siangalii rangi, rangi haisemi kitu. Nakishika, nakivuta pembeni, naangalia pindo lake, nachomoa uzi mmoja nauchoma na kiberiti, ukiwaka ukawa jivu laini kama karatasi hiyo pamba, ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu hiyo ni polista hata uniambie umenunua Dubai. Dalili moja haitoshi, nataka tatu nne zikubaliane. Nikarudi kichakani na leso puani, nikapiga picha kwa ubavu, nikapiga shina, nikapiga chini kwenye lile ganda, halafu nikaanza kusoma usiku bando likaisha nikaweka lingine.

Dalili zilikubaliana zote. Kofia iliyopakwa ute unaonuka mzoga, nzi, shina la sponji lililo wazi ndani, ganda la yai chini, na kubwa kuliko zote ile sketi ya wavu. Huo ni Phallus indusiatus, uyoga unaoota nchi za joto, Afrika, Asia, Amerika ya Kusini mpaka Australia, kwenye misitu na bustani zenye udongo uliojaa majani na miti iliyooza. Mtu aliyeuandika kitaalamu kwa mara ya kwanza ni Mfaransa anaitwa Ventenat, mwaka 1798, kwa sampuli zilizotoka Suriname. Hauna jina la Kiswahili ninalolijua mimi zaidi ya uyoga tu, kwahiyo hapa nyumbani tumebaki na jina alilotoa Kelvin, bibi harusi.

Na ule uozo sio kwamba umeoza, mimi nilidhani ni uyoga mzee umeharibika. Hapana, ndo kwanza ulikuwa umezaliwa asubuhi ile. Uyoga mwingi unaotumika jikoni mbegu zake zinakaa chini ya kofia kwenye yale mapande membamba kama kurasa za kitabu, zikikomaa zinadondoka zinabebwa na upepo. Huyu upepo hautaki. Mbegu zake zote kaziloweka kwenye ule ute, halafu ute anautia harufu ya kemikali za salfa, zinazofanana na zile zinazotoka kwenye nyama iliyooza, nzi anakuja akijua kuna msiba, anakula, zingine zinamganda miguuni, anaondoka na mbegu tumboni anaenda kuziacha na kinyesi chake mbele ya safari. Mbegu zenyewe ni ndogo mno, urefu kama mikroni 2 hadi 4, yaani kwenye milimita moja unaweza kupanga zaidi ya 200 zikafuatana. Niliporudi saa tisa alasiri kikofia kilikuwa kimelambwa chote kimebaki cheupe, kina vishimo kama sega la nyuki lililokamuliwa, na harufu ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Kesho yake asubuhi bibi harusi alikuwa amelala chini kama kitambaa kilicholoa. Maisha ya siku moja, kazi imeisha.

Kwahiyo kumbe zile siku mbili za kwanza tulikuwa tunanusa wengine waliotangulia, nikaona mabaki yao pembeni, sikuwa nimeyajali.

Sasa hapa ndo kuna jambo lililonifanya niandike haya yote, lesi na nzi ni mbwembwe tu. Pembeni ya ule uyoga, nilipofukua majani kidogo, nikakuta mayai manne yamezama nusu kwenye udongo. Ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji, rangi nyeupe inayoelekea pinki kwa mbali, laini ukibonyeza, na kila moja kwa chini lina kamba nyeupe imeingia ardhini kama uzi wa kudarizi. Nikayachimbua nikayaleta nyumbani kwenye bakuli. Hayanuki kabisa kitu. Shemeji yangu, mdogo wake baba Kelvin, alikuwa amepita kumsalimia mama yake, akaangalia bakuli akachangamka, akasema aah shemeji haya si ndo yale mauyoga ya duara, sisi utotoni tulikuwa tunayachoma, lete kitunguu na chumvi. Nikamuuliza una uhakika gani. Akasema nusa, hayana harufu mbaya, uyoga wa sumu unanuka.

Nikamwambia subiri. Nikachukua wembe wa kukatia nyuzi nikalipasua moja katikati, juu mpaka chini.

Ndani: ngozi nyembamba, halafu tabaka nene la ute kama wa bamia ila mzito zaidi unang'aa, halafu mstari wa kijani kilichokolea, halafu katikati kabisa kuna kitu cheupe kimekunjwa kimebanwa kama nguo kwenye begi la safari. Yule bibi harusi mzima mzima yumo humo na shela lake limekunjwa, anasubiri kufunguliwa. Shemeji akasema duh. Akarudisha kitunguu mwenyewe.

Uyoga wa duara wa kweli, ule waliokuwa wanachoma, ukiupasua ukiwa mchanga ndani ni mweupe mtupu mwanzo mwisho kama jibini au mkate usio na ganda, hakuna tabaka, hakuna ute, hakuna umbo lolote limejificha. Na kuna aina ya tatu ya yai, na hii ndo ya kuogopa. Kuna jamii ya uyoga inaitwa Amanita, na nayo inaanza maisha ikiwa yai jeupe limezama nusu ardhini, ukiliangalia kwa nje unaweza ukaapa ni ndugu wa haya niliyokuwa nayo kwenye bakuli. Ukilipasua hukuti ute, unakuta mchoro wa uyoga mdogo kamili, kofia, vile vikurasa, na shina, kama picha ya mtoto tumboni. Ukiona huo mchoro tupa, nawa mikono, usionje hata kidogo. Mkubwa wao anaitwa Amanita phalloides, kwao asili ni Ulaya ila amesafiri na miche ya miti duniani kote, na kwa Tanzania ameshaandikwa akiishi na mikaratusi. Na mikaratusi mnajua wenyewe ilivyojaa kwetu huku.

Huyo sasa harufu yake ni nini? Akiwa mchanga ana kaharufu ka asali. Asali! Kofia yake kijani njano kilichofifia, inapendeza, na waliokula wakapona wamesema ni mtamu. Unakula usiku, unalala vizuri, masaa 6 mpaka 12 hivi au zaidi yanapita ndo kutapika na kuharisha kunaanza, halafu inaweza ikafika siku unajisikia nafuu kabisa unasema asante Mungu nimepona, kumbe ini ndo linaharibika. Kofia nusu tu inatosha kumuua mtu mzima. Kupika hakuondoi, kukausha hakuondoi, kugandisha kwenye friji hakuondoi.

Na bibi harusi wetu anayenuka mzoga mpaka majirani wanashukiana? Hana sumu hiyo. Wachina wanamla! Wanamuosha ule ute wote, wanamkausha, wanamweka kwenye supu, ni chakula cha heshima huko kwao, zamani walikuwa wanamtafuta msituni tu ila kuanzia 1979 wakaanza kumpanda shambani kama sisi tunavyopanda uyoga wa mamama. Sijamla na sina mpango, nasema tu ilivyo, na wewe usiende kumla kwasababu umesoma kwa fundi cherehani.

Lakini ile sentensi ya shemeji imeniganda. Uyoga wa sumu unanuka. Nimekua nikiisikia, na ndugu zake pia: ukipika na kitunguu kikageuka rangi ni sumu, ukitia sarafu ikawa nyeusi ni sumu, ukiona wadudu wanakula basi na wewe kula. Konokono anakula hiyo Amanita anaendelea na safari yake kama hajafanya kitu! Tumbo la konokono sio tumbo lako. Mama mkwe nilipomsomea haya alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye maisha yake yote kwao amekula uyoga wa aina moja tu, ule wa kichuguu unaotoka mvua ikinyesha, wenye mzizi mrefu ukiuchimba unazama mpaka kwenye nyumba ya mchwa, na aliufundishwa na bibi yake kwa kupelekwa mpaka kwenye kichuguu chenyewe akaonyeshwa kwa mkono. Mwingine wote anaupita. Nikamuuliza hata ukiwa umenona? Akasema hata ukiniita jina langu.

Nilivyozidi kusoma nikakutana na mambo mengine mawili nikacheka peke yangu usiku mpaka baba Kelvin akaamka. La kwanza, Wayoruba kule Nigeria huyu uyoga wanamwita Akufodewa, na ndani ya hilo jina kuna kifo, kuna mwindaji na kuna kutafuta, maana yake mwindaji ananusa harufu porini anasema yule mnyama niliyempiga mshale amefia hapa, anafuata, anatafuta, anakuta uyoga umevaa sketi. Yaani mimi na jembe langu kabisa. Tumefundishwa mchezo mmoja na watu wa upande mwingine wa Afrika na hatujawahi kuonana.

La pili ni la Uingereza. Wao wana ndugu yake ambaye hana sketi, Phallus impudicus, hilo jina la pili ni Kilatini cha asiye na aibu, kwahiyo mama mkwe na wataalamu wako ukurasa mmoja. Yule mzee Charles Darwin, mwanasayansi wa viumbe, alikuwa na binti anaitwa Etty, na mjukuu wa Darwin ameeleza kwamba huyu shangazi yake alikuwa anaingia msituni na kikapu na fimbo yenye ncha, amevaa glovu na joho maalum la kuwindia, ananusa nusa mpaka anaupata, anauchoma na fimbo anautia kikapuni, anarudi nyumbani anauchoma moto sebuleni mlango umefungwa kwa siri kubwa, ili wasichana wa kazi wasiuone wakaharibika tabia. Hebu fikiria harufu ya hiyo sebule.

Jumamosi nikaenda na Kelvin msituni kwenyewe, msitu wa Rau, nikidhani sasa nimekuwa mtaalamu nitaona mabibi harusi kila kona. Tukaona mbega, tukaona miti ya msoo mikubwa unainua shingo mpaka kofia inadondoka, tukaona uyoga wa kahawia mgumu kama ubao umeota kwenye magogo, tukatia viatu matope mpaka ndani. Bibi harusi hata mmoja. Nilisimama mara kadhaa nikafunga macho nikanusa kama shangazi Etty, nikanusa udongo na maji tu. Kelvin akasema labda leo hamna harusi.

Ila nilikuwa nimebakiza yai moja. Moja nililipasua mbele ya shemeji, mawili nilirudisha kichakani nikayafunika na majani yake, la nne nikaliweka kwenye kopo pana la plastiki na udongo wenye unyevu, kwasababu nilisoma kwamba linaweza kufunguka lenyewe hata likiwa limetolewa, na nilitaka kuona hiyo sketi inavyoshuka. Kopo nikaliweka kwenye chumba cha kushonea, juu ya meza ya pasi. Siku mbili halijafanya kitu, nikalisahau kabisa, na Jumapili usiku nikamalizia sare za kwaya, magauni 14 ya zambarau, nikayapiga pasi nikayatundika ukutani yote yanasubiri mwenyewe aje Jumatatu saa tatu.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikaamka kwenda chooni nikaona ganda limepasuka kwa juu. Nikavuta kiti. Nakwambia sikuondoka tena. Kikofia kikatokea kikiwa kimeloa, halafu kijiti kikaanza kupanda, sio kama mmea ambao unaambiwa tu umekua, huu unauona kwa macho, ukitazama ukutani ukarudisha macho umeshaongezeka. Saa kumi na mbili na nusu ulikuwa umefika kimo cha kiganja changu. Kikatulia kidogo kama kinapumzika, halafu chini ya kofia pakaanza kuchungulia kamkunjo keupe, kakashuka taratibu kakijifungua pande zote kwa pamoja, mikunjo inanyooka yenyewe bila pasi, mpaka sketi ikakaa. Nikamwamsha Kelvin, nikamwamsha baba yake, mama mkwe akaja na kanga yake akasimama mlangoni, safari hii hakumtuma mtu maji. Akasema tu, kumbe anavaa mwenyewe.

Tulikuwa tumekaa pale wote kama tunaangalia tamthilia na pua zetu zilikuwa zinazoea kidogo kidogo, hilo ndo tatizo la pua. Mtu wa kwaya alikuja saa tatu kamili na pesa yake mkononi. Akaingia, akasalimia, akashika gauni la kwanza akalisogeza usoni kuangalia mshono wa shingo, akasimama hivyohivyo. Akalirudisha ukutani taratibu, akaniangalia kwa huruma, akasema, Mama Kelvin, usinielewe vibaya, hivi humu ndani hakuna panya aliyekufa kweli?

Mama mkwe akajibu kutoka jikoni kabla sijafungua mdomo: sio panya mwanangu, ni bibi harusi.

Magauni yote 14 nimeyafua upya na kuyaanika kwenye jua siku mbili. Kuku wa Mama Glory alirudi wiki iliyofuata na vifaranga sita.